Nani Alimkopa Nani?

Daftari la chama chetu, kikundi cha akina mama wa kuweka akiba, ni kaunta buku yenye jalada jeusi na uti mwekundu. Katika ukurasa wa mwezi wa tatu kuna mstari mmoja uliotutoa jasho Jumapili nzima: "Mama Samaki borrowed Mama Cherehani 3,000. To pay end month."

Hayo si majina yao. Nimewabatiza kwa kazi zao ili tuendelee kusalimiana tukikutana soko la Kibuye, hapa Kisumu, siku ya soko. Mmoja anauza samaki, wabichi na wa kukaanga, kando ya barabara ya kuingia Kondele. Mwingine anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha ploti moja Manyatta. Ni marafiki wa miaka, lakini Jumapili ile kila mmoja alikuwa amejifunga leso kiunoni akimdai mwenzake elfu tatu, na kila mmoja alikuwa na ushahidi, na ushahidi ulikuwa mmoja.

Mama Samaki alinisukumia daftari, akaweka kidole juu ya mstari. "Soma hapa, sister. Si imeandikwa mimi ndio nilimborrow huyu?"

Mama Cherehani akaweka kidole chake palepale. "Haswa. Yeye ndiye aliniborrow. Sasa alipe."

Mimi ndiye katibu mpya. Sikuchaguliwa kwa uadilifu wala kwa mwandiko. Nilichaguliwa kwa kuwa eti Kizungu changu ni safi. Katibu aliyenitangulia alihamia Nakuru kufuata kazi, kwa hiyo nilimpigia simu papo hapo, nikaiweka kwenye spika, wanawake kumi na wanne wakanyamaza kama kanisani.

"Ile ya elfu tatu? Si niliandika tu vile walisema. Mmoja alimborrow mwingine."

"Nani alimborrow nani?"

"Si vile imeandikwa hapo."

Akaagana nasi kwa heshima zote, akatuacha palepale alipotukuta.

Nina historia na neno hili. Nilikuwa darasa la sita, kwenye shule ambayo sitaitaja, kalamu ikanikaukia wino katikati ya zoezi. Nikainua mkono nikasema kwa ujasiri wote, "Teacher, please borrow me a pen." Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu wa mzaha mkavu, ule wa kucheka bila kucheka. Alimwita mvulana mmoja wa safu ya nyuma akamwambia, kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula, aje aniazime mimi, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyeomba kuazimwa. Yule kijana akanishika mkono wa sweta, akaniongoza hadi dawati lake, na nikakaa pale kipindi kizima kama jembe la jirani, nikisubiri kurudishwa. Kalamu sikupewa.

Baadaye alitufundisha kanuni kwa mikono. Mkono ukija kifuani, borrow. Mkono ukienda mbali na kifua, lend. Tukaimba darasa zima, huku mikono inakuja na kwenda kama ya wavuvi wanaovuta nyavu. Ilinikaa. Tangu siku hiyo sijawahi kuyakosea maneno hayo mawili, na tangu siku hiyo pia nimekuwa na swali ambalo hakulijibu: kwa nini darasa zima lilikuwa linakosea? Watoto hamsini wakikosea jambo moja, kwa namna moja, bila kuambizana, huo hauwezi kuwa ujinga. Kuna sheria wanaifuata, ila si ile ya mwalimu.

Kiingereza kinauliza swali moja tu: kitu kinaelekea wapi? Anayepokea, borrow. Anayetoa, lend. Kitu chenyewe hakina neno. Iwe sufuria, iwe milioni moja ya benki, iwe kitabu cha maktaba, mlango ni uleule, cha muhimu ni kujua unaingia au unatoka.

Sasa linganisha na vinywa vyetu. Kijaluo, ambacho ndicho nilichonyonya nacho, kina holo. Kitenzi kimoja. Ukisema hola, unaniomba nikupe kwa muda, na ukisema umekwenda holo, umekwenda kuchukua kwa muda. Mizizi ni ile, mazingira ndiyo yanayokuambia nani ameshika nini. Kiswahili nacho kina kuazima, ambacho kinatazama pande zote mbili kama mlinzi wa geti. Nimeazima ngazi kwa jirani: ngazi imekuja kwangu. Nimemwazima jirani ngazi: ngazi imekwenda kwake. (Kuazimia, kwa maana ya kukata shauri, ni jambo jingine kabisa, na huku Kisumu wakati wa uchaguzi wa 2022, Azimio lilipokuwa jina la muungano wa kisiasa, ukilitamka neno lolote linalofanana nalo uliulizwa kwanza uko upande gani. Tuliache.)

Kisha kuna kukopa. Hapa Kiswahili kina maneno mawili, ila yametoka tumbo moja: kopa na kopesha. Mkopeshaji ni mtu anayemfanya mwingine akope, kama vile anayesomesha anamfanya mwingine asome na anayerudisha anafanya kitu kirudi. Hatukuhitaji neno jipya. Tulihitaji mkia. Kwa hiyo mtoto wa darasa la sita akishajua kwamba borrow ni kukopa, halafu akataka kusema nikopeshe, hatafuti neno jingine. Anatafuta mkia wa kuliunganishia neno alilonalo. Anapapasa, Kiingereza hakimpi, basi anabandika "me" mwishoni na kuomba Mungu. Borrow me ni nikopeshe iliyokatwa mkia.

Kiingereza chenyewe kiliwahi kuwa na mikia ya aina hiyo. Masalia yake yapo hadi leo: sit ni kukaa na set ni kuweka, rise ni kuinuka na raise ni kuinua, fall ni kuanguka na kwa watu wa misitu fell ni kuuangusha mti. Ni kama lala na laza. Mwalimu wangu angeanza hapo, angetuokoa wengi, na mimi ningebaki kwenye dawati langu.

Nilipokuwa chuoni nilichimba zaidi, kwa hasira nadhani. Nikakuta kwamba borrow ilianza kama borgian katika Kiingereza cha kale, kutoka borg, maana yake dhamana au rehani, kile unachoacha ili uaminiwe. Lend ilikuwa lǣnan, haina d popote. Hiyo d iliingia baadaye kutokana na umbo lake la wakati uliopita, ikagoma kutoka. Ndugu yake loan alikuja na Waskandinavia. Lakini kilichonifanya nifunge kitabu na kucheka peke yangu maktaba ni Wajerumani. Wao wana borgen, damu moja na borrow, na borgen yao ni kukopa na kukopesha vilevile. Leihen nayo hivyohivyo. Waholanzi wana lenen, pande zote mbili. Na huko Marekani, katika majimbo kama Minnesota ambako wahamiaji wa Kijerumani na wa Kiskandinavia walijaa, kuna watu wa kwao kabisa, wazungu wa ukoo na ukoo, wanaosema "borrow me" bila haya. Kumbe kosa langu lina ndugu Ulaya na mashamba Minnesota. Na nikiongeza chumvi: loan, ambayo Waingereza wengi wanapenda ibaki nomino, Wamarekani wanaitumia kama kitenzi kila siku mahali pa lend na hakuna anayepelekwa safu ya nyuma.

Turudi kwenye mstari wa daftari, maana shida yake ni kubwa kuliko kalamu yangu.

Tazama vizuri. Nimemwazima Mama Cherehani: mimi ndiye niliyetoa. Nimemkopa Mama Cherehani: mimi ndiye niliyechukua. Umbo la sentensi ni moja, kiambishi ni kilekile, jina limekaa mahali palepale, lakini pesa zimekimbilia pande tofauti. Sasa chukua zote mbili, zitie kwenye Kiingereza cha chama, na zote mbili zinatoka "I borrowed Mama Cherehani." Mama Samaki alikuwa akisoma nimemwazima. Mama Cherehani alikuwa akisoma amenikopa. Hakuna aliyekuwa akidanganya, na hakuna aliyekuwa akisoma vibaya kwa mujibu wa lugha iliyo kichwani mwake. Kilichokosekana ni kijineno kimoja, from, ambacho kwa Mwingereza ndicho bawaba ya mlango wote.

Nilijaribu kuwaeleza hayo. Mweka hazina akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni nzuri sana. Lakini pesa ni ya nani?"

Mimi si mwalimu, ila ukieleza jambo kwa zaidi ya dakika mbili huku unapewa cheo.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu watu wakisikia habari hii wanahitimisha kwamba Kiingereza ni makini na sisi tunachanganya. Siyo. Sisi tunatenganisha, na tunatenganisha kwa ukali, ila tumeweka ukuta mahali pengine.

Mama yangu alikuwa na kibanda Manyatta. Unga, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, nyanya, omena, mahindi ya gorogoro. Kwenye kibanda kile nilijifunza kwamba kuna vitu vinavyorudi vyenyewe na kuna vitu vinavyorudi kwa wenzao. Sufuria ikiazimwa, inatakiwa irudi sufuria ileile, na kibonyeo chake cha ubavuni. Ukiirudishia sufuria nyingine, hata iwe mpya na inang'aa, kuna maneno. Ndiyo maana wakati wa matanga, sufuria na sahani na viti vinapotoka nyumba hadi nyumba kuwahudumia waombolezaji, akina mama huandika herufi zao chini ya sahani kwa rangi ya kucha. Nimewahi kuosha sahani za matanga hadi saa sita usiku nikizipanga kwa rangi za kucha: nyekundu za huyu, za zambarau za yule. Hiyo ni kuazima. Kitu kinakwenda na jina lake mgongoni na kinarudi nalo.

Sukari haiwezi kuandikwa rangi ya kucha. Jirani akija na kikombe, akapewa sukari, chai imeshanywewa kabla jua halijatua. Atakachorudisha ni sukari nyingine, ya kiasi hichohicho, na mama alikuwa na jicho la kupima kama kikombe kimerudi kimejaa au kimeshuka upana wa kidole. Hiyo ni kukopa. Pesa ni vivyo hivyo: hakuna anayetarajia noti ileile. Ndiyo maana mtu akisema ameazima elfu tano benki, masikio yangu yanawasha, na akisema amekopa ngazi nashangaa kama ameichoma kuni.

Wanasheria wa Roma ya kale walikuwa na ukuta huohuo. Kitu cha kurudi chenyewe walikiita commodatum, na kitu cha kutumika kikaisha kisha kikarudishiwa cha aina yake walikiita mutuum. Walihitaji wanasheria. Mama alihitaji kikombe. Kiingereza cha kila siku hakina ukuta huo kabisa. Can I borrow some sugar, can I borrow your ladder, yote sawa, na wenyewe hawaoni ajabu. Kwa hiyo wao wanajua kitu kinaelekea wapi, na sisi tunajua kitarudi kikiwa nini. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua letu. Mwelekeo nauona kwa macho. Kitakachorudi ndicho kinachoninyima usingizi.

Ila tusijisifu hadi tukajikwaa, maana na sisi tuna shimo letu. Chukua neno deni. Mama alikuwa akimwambia mteja, "Deni lako limefika mia nne." Maana yake: unalonidai? Hapana, ninalokudai. Jioni mteja anamtuma mtoto: "Mwambie nitamletea deni lake kesho." Lake hapo ni la nani? La mama, kwa kuwa ndiye anayedai. Kwa hiyo lako ni la anayedaiwa na lake ni la anayedai, na kibanda kizima kilielewana miaka yote hiyo kwa sababu kila mtu alijua nani ana unga na nani hana. Neno la kukopa dukani lenyewe halikuwa na kukopa ndani. Watu walisema "niandikie." Niandikie nusu kilo. Mama anachukua daftari, anaandika, mambo yamekwisha, aibu imepita pembeni. Na ubaoni, kwa chaki, kulikuwa na ile sentensi ambayo kila duka Kenya linayo kwa namna yake: leo pesa, kesho mkopo. Nilipokuwa mdogo niliamini kesho ingefika.

Kadiri mtu anavyokuwa karibu nawe, ndivyo neno linavyozidi kukwepwa. Huku kwetu mtu hasemi nikopeshe mpaka amefika mwisho wa kamba. Anasema nisaidie. Nisaidie mia mbili. Nisaidie kalamu. Nitumie kitu kidogo. Je, itarudi? Hilo halisemwi, na kutosemwa kwake ndiyo adabu yenyewe: anayeomba anakuachia nafasi ya kutoa kama zawadi, na wewe unamwachia nafasi ya kurudisha kama mwungwana. Nimeona udugu ukijengwa ndani ya nafasi hiyo. Nimeona pia udugu ukifia humo, pale mmoja alipokuwa akihesabu siku na mwingine akihesabu fadhila. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kusaidiana hawakulisema ni nini, pengine kwa kuwa haijulikani uko kwenye harusi au kwenye matanga hadi umeulizwa.

Kampuni za simu zimeliona hilo mapema kuliko wanaisimu. Hesabu mikopo iliyo kwenye simu yako, uone ni mingapi inayojiita mikopo. Okoa Jahazi, ya salio la kupiga simu, inakuita nahodha aliye taabani. M-Shwari, iliyokuja 2012, inakuahidi bahari imetulia. Fuliza ya 2019 inakuambia endelea tu, usisimame. Yote ni mikopo na yote ina gharama, lakini hakuna hata moja iliyotamka kopa mlangoni. Na nitasema hivi kama mtu wa ziwani: lugha yote hiyo ya jahazi na shwari ni ya pwani, imesafiri na reli hadi huku, na sisi wa ngege na mbuta, samaki wa ziwani, tunaokolewa majahazi ambayo hatukuwahi kuyapanda. Fuliza watu wameshaigeuza iwe kitenzi cha kawaida. Mtu hasemi amekopa, anasema amefuliza. Anasema hivyo akicheka.

Si ajabu sana, ukikumbuka mji wenyewe. Wazee husimulia kwamba jina la Kisumu limetokana na kisuma, mahali watu walipokwenda wakati wa njaa kutafuta chakula kwa kubadilishana: wewe una nafaka, mimi nina vyungu au mbuzi, tukutane. Mji ulianza na swali la nani ana nini na atakirudishia nini.

Basi tulikuwa tumekaa hapo, saa kumi jioni, chai imepoa, mimi nimemaliza somo langu la viambishi na hakuna aliyesogea hata shilingi moja. Nikaomba simu. M-Pesa ina wema mmoja ambao daftari letu halikuwa nao: kila ujumbe unasema nani ametuma na nani amepokea. Mama Cherehani akatafuta, akashusha chini, akashusha, akapata. Mwezi wa tatu, elfu tatu kamili, kutoka kwake kwenda kwa Mama Samaki.

Nikadhani tumemaliza. Mama Samaki akasema, bila kupepesa, "Hiyo alikuwa ananirudishia ya zamani."

Na kweli M-Pesa haisemi. Inasema zimetoka hapa zimefika pale. Haisemi kama zimekopeshwa, zimelipwa, zimesaidiwa au zimetupwa. Mashine inajua mwelekeo tu. Inaongea Kiingereza, kwa maana hiyo.

Aliyetutoa ni Dani, yaani bibi kwa Kijaluo. Ndiye mkubwa wetu, tunamwita hivyo sote, hata walio Wamaragoli. Hasomi Kiingereza, na wakati wote huo alikuwa akichambua omena kwenye ungo, kama kikao hakimhusu. Akauliza bila kuinua kichwa, "Mwezi wa tatu, nani alikuwa na shida?"

Si nani alichukua. Si nani alitoa. Nani alikuwa na shida.

Kimya. Halafu mtu mmoja wa nyuma akasema polepole kwamba mwezi wa tatu ndipo kitinda mimba wa Mama Samaki aliporudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, akakaa siku tatu. Wote tukakumbuka. Tulikumbuka hata sanduku lake la bati likiwa mlangoni. Mama Samaki naye alikumbuka. Niliuona uso wake ukilegea.

"Ni kweli," akasema. "Ni kweli kabisa, alinisaidia." Alisema alinisaidia, angalia. Halafu akakaa wima tena. "Lakini samaki?"

"Samaki gani?"

"Wa wageni wako wa mahari. Mwezi wa nne. Ngege wanane. Si ulisema nikuandikie?"

Hapo Mama Cherehani akashika kiuno. Ngege wanane, mia tatu kila mmoja, elfu mbili na mia nne. Alikuwa amewasahau kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu anavyosahau chakula kilichokwisha kuliwa. Na Mama Samaki, kwa upande wake, alikuwa amebaki na jambo moja kichwani, kwamba anamdai mwenzake na kwamba kitabuni kuna neno borrow. Mstari wa karo ulikuwa umegeuka kichwani mwake ukawa mstari wa samaki. Elfu tatu aliisoma humo humo kitabuni, akaiamini, maana imeandikwa kwa Kiingereza.

Nilichora mstari juu ya ile sentensi na kuandika chini yake: "Mama Cherehani anamdai Mama Samaki shilingi 600." Kudai hakuna utata. Anayedai anadai. Mweka hazina akauliza kama benki watakubali kitabu chenye Kiswahili, nikamwambia katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na kwamba benki wakikataa waje wamuulize Dani. Akaridhika nusu. Ameomba tarakimu ziandikwe kwa maneno pia, jambo ambalo ni la busara na nililopaswa kulifikiria mimi.

Tukafunga kwa sala, tukatawanyika. Nilikuwa nimefika karibu na stendi ya Kondele, pikipiki zikipiga honi kila upande, Mama Samaki akanipigia.

"Sister, samahani. Nisaidie hiyo mia sita nimalizane na huyu leo, nisilale na maneno. Nitakupatia wiki hii."

Nilisimama kando ya muuza njugu nikamtumia. Ujumbe wa M-Pesa ukaja, kutoka kwangu kwenda kwake, bila maelezo. Dakika moja baadaye akaniandikia yeye mwenyewe, kwa Kiingereza, nadhani kwa kuwa mimi ndiye katibu:

"Thanks sister 4 borrowing me."